Kisiwa cha Bibi: Kusasisha Mashine ya Gemu au Kuiacha?

Mwezi huu tunaleta habari ambayo huenda baadhi yenu mkaicheka, kwani ni habari ya mashine ya gemu ya mkononi, chombo cha watoto. Lakini chombo hicho kilitukesha sisi wazazi wawili pamoja na ami yao watoto, usiku mmoja wa likizo, katika kijiji cha Misfat al Abriyeen. Na kwa kuwa nyumba za ughaibuni zisizo na chombo cha namna hii ni chache, tumeona tuyaandike yaliyotupata, huenda yakamfaa mwenzetu.

Kwa asiyeifahamu, Misfah ni kijiji cha mlimani, juu ya mji wa Al Hamra, katika Ad Dakhiliyah ya Oman. Nyumba zake za kale zimejengwa juu ya majabali yenyewe, na chini yake mashamba hushuka ngazi kwa ngazi, yenye mitende, migomba na milimau, yakinyweshwa na falaj inayopita kijijini. Mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa liliiweka katika orodha ya vijiji bora vya utalii duniani, na tangu hapo wageni wameongezeka. Sisi hatukwenda kwa utalii. Tulikwenda kwa sababu ami yao watoto anakaa Al Hamra na ana kipande cha shamba huko juu, na kwa sababu wanetu walikuwa hawajafika nyumbani tangu kufariki kwa Bibi yao.

Na habari yenyewe inaanzia kwa Bibi.

Bibi alizaliwa Unguja, akahamia Oman katika miaka ya 1970 kama walivyohama jamaa wengi wa kwetu. Februari 2020 alikuja kututembelea Uingereza kwa muda wa wiki sita. Tarehe 20 Machi mwaka huo ikatoka gemu ya Nintendo Switch iitwayo Animal Crossing: New Horizons, tukamnunulia binti yetu ambaye alikuwa ameiomba kwa miezi. Siku tatu baadaye serikali ya Uingereza ikawaamuru watu wabaki majumbani. Tarehe 29 Machi Oman nayo ikasimamisha safari za abiria wa ndege, zisirejee za kimataifa mpaka tarehe 1 Oktoba. Wiki sita za Bibi zikawa miezi minane, na katika miezi hiyo minane mlango wetu haukugongwa ila na mleta vifurushi.

Gemu hiyo haina vita wala mbio. Mchezaji hupewa kisiwa kitupu, akajenga nyumba, akapanda miti, akavua samaki, akalipa deni lake pole pole. Kila mashine ina kisiwa kimoja tu, na watu wanane waweza kujenga humo. Bibi mwanzo alikuwa akitazama tu huku akivuta uradi wake. Baadaye akauliza kwa nini kisiwa hakina mnazi. Mjukuu akamtafutia nazi, Bibi akataka ipandwe katikati ya kisiwa, haikuota. Ikapandwa ufukoni, ikaota. Bibi akacheka sana, akasema aliyeitengeneza gemu hii bila shaka amefika pwani. Tangu siku hiyo akawa na jina lake humo, nyumba yake karibu na bahari, na cherehani ndani yake. Ufuko mzima akaujaza minazi. Kisha wakakaa wawili, bibi na mjukuu, wakachora nakshi ya kanga, lile umbo la korosho, mraba mmoja mmoja, ikawa ndiyo bendera ya kisiwa.

Oktoba 2020 Bibi alirudi kwake. Mwaka 2022 alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mashine ikatiwa kwenye mtoto wa meza, na hapana aliyeigusa kwa zaidi ya miaka mitatu.

Katika likizo hii binti aliichukua ili acheze na binamu zake. Tulipofika, betri ilikuwa imekufa kabisa, ikabidi ikae kwenye chaji muda mrefu kabla skrini haijaonyesha dalili. Ikawaka. Kisiwa kilikuwepo, magugu yamejaa, minazi ipo, bendera ipo. Binamu yake akampa kadi ya gemu mpya aliyomwekea zawadi. Alipoitia, mashine ikamwambia kwamba gemu ile haiwezi kuchezwa mpaka mashine isasishwe kwanza. Mtoto hakubonyeza kitu. Alitujia barazani na mashine mkononi, akauliza: “Baba, Mama, nikisasisha, Bibi atafutika?”

Tulitaka kumjibu upesi kwamba hapana. Tukatazamana, tukatambua kwamba hatujui. Ndipo tukakaa kitako kuipima shauri hii, na twapenda kuieleza kwa utaratibu.

Ndani ya kila mashine ya namna hii mna programu dhibiti, yaani programu iliyotiwa na mtengenezaji ndani ya chombo chenyewe. Ndiyo inayokiamsha kinapowashwa, inayoijua betri na skrini, na inayozifungulia gemu mlango. Gemu ni mgeni, programu dhibiti ndiyo mwenye nyumba. Kusasisha ni kumtoa mwenye nyumba wa jana na kumweka wa leo, na katika ile dakika ya kupokezana funguo, nyumba haina mtu. Umeme ukikatika au betri ikizimika dakika hiyo, mashine yaweza isiamke tena.

Manufaa ya kusasisha ni dhahiri. Kwanza, gemu mpya hudai programu mpya. Pili, mtengenezaji huziba matundu ambayo wahalifu wangeweza kupenya, na hurekebisha makosa yake mwenyewe. Tatu, bila ya toleo la karibuni huwezi kuingia katika duka wala kucheza kwa mtandao na jamaa walio mbali, na sisi tuliotawanyika baina ya Maskati, London na Dar es Salaam jambo hilo si dogo. Nne, mara nyingine sasisho huongeza uwezo ambao chombo hakikuwa nao. Mashine hii iliuzwa tangu Machi 2017, lakini haikuweza kutumia visikizio visivyo na waya vya Bluetooth mpaka lilipotoka sasisho la Septemba 2021. Na tano, mtu akitaka kuhamishia vitu vyake katika mashine mpya, Switch 2 iliyoanza kuuzwa tarehe 5 Juni 2025, ile ya zamani sharti iwe imesasishwa kwanza.

Madhara nayo yapo, na hayaandikwi kwa herufi kubwa. La kwanza ni hilo la kukatika katikati. La pili ni kwamba hakuna kurudi nyuma. Ndani ya chipu ya Switch mna fyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Baadhi ya masasisho huunguza moja katika hizo kwa makusudi, na programu ya zamani ikirudishwa, ikikuta fyuzi zilizoungua zimezidi hesabu yake, hukataa kuwaka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na hapa mtengenezaji ameuhakikisha usemi huo kwa umeme. La tatu ni kwamba si kila sasisho huongeza, mengine hupunguza. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ilitoa sasisho la mashine yake ya mezani, PlayStation 3, lililoondoa uwezo wa kutia mfumo mwingine wa kompyuta, uwezo ambao wanunuzi waliulipia, na mambo yakafika mahakamani huko Marekani.

Wenye kumbukumbu ya PSP, mashine ya mkononi ya Sony iliyotoka Japani mwisho wa mwaka 2004, watakumbuka mfano mwingine. Toleo la 2.00 la mwaka 2005 lilileta uwezo wa kusoma kurasa za intaneti, na waliolitia wakakosa njia ambayo vijana walikuwa wakiitumia kuendesha programu walizoandika wenyewe. Wengi walisasisha, kisha wakajuta, wakatafuta njia ya kurudi. Oktoba mwaka huo ikatokea programu moja iliyojidai kuwarudisha katika toleo la zamani. Kumbe ilikuwa ikifuta mafaili ya msingi ya mashine, na walioitumia waliachwa na kipande cha plastiki. Kwa hiyo majuto baada ya kusasisha yaweza kuwa na hatari kuliko sasisho lenyewe.

Kwa upande wetu fundo lilikuwa jingine. Katika Switch, kumbukumbu za mchezo hukaa ndani ya mashine, si katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Kadi huchukua gemu na picha. Nakala ya akiba huwekwa kwa mtandao, kwa walipao ada, na kisiwa cha gemu hii kina utaratibu wake mbali wa kuhifadhiwa, ulioanzishwa Julai 2020. Ada yetu ilikuwa imekwisha zamani, na nakala hatukuwahi kuiweka. Kosa ni letu. Sasa ili tuweke nakala, ilibidi tuingie mtandaoni. Na ili tuingie mtandaoni, ilibidi tusasishe kwanza. Yaani kinga ilikuwa ng'ambo ya pili ya hatari ile ile tuliyotaka kujikinga nayo.

Usiku ule tulikaa barazani na ami. Mmoja wetu aliona tuiache kama ilivyo, maadam kisiwa kinafunguka na Bibi yumo. Ami alikuwa upande huo pia, akatoa kanuni tuliyofundishwa sote chuoni, kwamba kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. “Gemu mpya ni manufaa, shemegi,” alisema, “na kumpoteza Mama mara ya pili ni madhara. Hesabu ni hiyo.”

Hesabu ilionekana imekwisha. Lakini alfajiri tulifuatana naye shambani, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya maji. Katika aflaj za Oman zamu hugawiwa kwa kipimo kiitwacho athar, kiasi cha nusu saa. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, na leo watu wengi hutazama saa tu. Ami alizibua jiwe na matambara yaliyoziba mdomo wa mfereji, maji yakaingia kwenye mitende. Tukamwuliza: je, lau mtu akiogopa kukosea kufungua, akaacha mdomo umezibwa? Alijibu bila kuinua kichwa: “Maji hayamngoji mtu, kaka. Yatapita yaende kwa jirani, na mtende wako utakauka. Kuogopa nako kuna gharama yake.”

Tulipokuwa tukipanda ngazi kurudi, maneno hayo yalitugeuza. Tulikuwa tumehesabu madhara ya kusasisha, hatukuhesabu madhara ya kuacha. Mtengenezaji anashauri betri ya mashine hii ichajiwe walau mara moja kila miezi sita, nasi tuliiacha zaidi ya miaka mitatu. Betri ya namna hiyo ikilala tupu huharibika, nyingine huvimba ikaisukuma skrini. Kumbukumbu iliyo ndani ya chipu nayo si maandishi ya juu ya jiwe. Kuiacha mashine kama ilivyo kulikuwa ni kukipoteza kisiwa pole pole, katika giza la mtoto wa meza, siku tusiyoijua. Kanuni ya ami ilikuwa sahihi. Ila madhara yalikuwa pande zote mbili za mizani, na upande mmoja tulikuwa hatujautazama.

Basi tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, kabla ya kugusa sasisho, kila kisichoweza kununuliwa tena kitolewe nje ya mashine kwa njia yoyote isiyohitaji mtandao. La pili, uamuzi wa mwisho ni wa binti, kwa sababu mashine ni yake na yeye ndiye aliyekaa na Bibi humo.

Siku nzima ilikwenda katika kazi hiyo. Kwa simu tulipiga picha kila pembe ya nyumba ya Bibi, tukarekodi matembezi ya ufukoni chini ya minazi. Nakshi ya kanga ilikuwa jambo la peke yake. Katika gemu hii mchoro wa kawaida ni wa miraba 32 kwa 32, yaani miraba 1,024. Binti na binamu zake wakachukua daftari la hesabu la miraba na kalamu za rangi, wakainakili yote, mmoja akitaja rangi kwa Kiswahili, mwingine akipaka. Kiarabu cha wetu ni kidogo na Kiingereza cha wenzao ni kidogo. Lugha iliyobaki baina yao ni ile ya Bibi. “Nyekundu tatu, nyeupe moja, nyeusi mbili.” Walipomaliza jua lilikuwa limekaribia kuzama. Mashine ingekufa saa ile, bendera ingeweza kuchorwa upya katika mashine nyingine yoyote.

Tulipomwuliza binti kama yuko tayari, alilitazama daftari, akasema: “Sasa naweza.”

Hatukusasisha usiku huo. Tulingoja asubuhi, betri ikiwa imejaa na waya wa umeme umechomekwa. Mtandao wa pale baina ya majabali ulikuwa dhaifu, ukakatika mara mbili wakati wa kupakua, na hilo halikututia hofu, kwani kukatika kwa upakuaji si kitu. Mashine huendelea ilipoachia. Hatari imo katika hatua ya pili, ya kusimika, na hapo tuliiweka mashine juu ya jamvi, tukawakataza watoto wasiiguse. Ilichukua dakika chache. Skrini ikawa nyeusi. Hapana aliyesema neno. Ikarudi.

Binti akafungua kisiwa. Bendera ilikuwa ikipepea. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyumba ya karibu na bahari, akaingia, akatoka, akasema cherehani ipo. Ami akajifanya ana kazi kisimani. Siku hiyo hiyo tulilipa ada ya mwezi na kuiweka nakala ya kisiwa mahali pake, ndipo ile gemu mpya ya zawadi ikachezwa.

Hatusemi kwamba kwa kuwa kwetu kuliishia salama basi kila mtu abonyeze bila kufikiri. Lau skrini isingerudi, tungekuwa na daftari na picha, na pengine na majonzi. Tunachosema ni hiki: tahadhari kabla ya athari, na tahadhari si sawa na kuahirisha. Kwa mwenye kutaka kufuata, tumefupisha hivi.

Kwanza, uulize kuna nini ndani ambacho hakinunuliki, si gemu, bali picha, sauti, kazi ya mkono wa mtu. Mali bila daftari huisha bila habari. Kitoe nje kwanza, hata kwa kalamu na karatasi.

Pili, kama ada ya kuhifadhi nakala mnayo, iwekeni nakala leo, kabla haijaisha, maana ikiisha na mashine ikazeeka mtafungiwa mlango kama tulivyofungiwa sisi.

Tatu, sasisheni mchana, betri imejaa, waya umechomekwa, na sasisho litoke kwa mtengenezaji mwenyewe au katika kadi halali ya gemu. Msipakue kitu kutoka kwa mtu asiyejulikana anayeahidi kurudisha toleo la zamani.

Nne, mashine ya Switch ikikwama, msikimbilie kuifuta yote. Ikizimwa kabisa, kisha ikawashwa huku vitufe vyote viwili vya sauti vimebanwa, hufunguka ukurasa wa matengenezo, na humo mna njia ya kuirudisha upya bila ya kufuta kumbukumbu za michezo. Si dhamana, lakini ijaribuni hiyo kwanza.

Tano, mliouziwa mashine ya mkono wa pili iliyokwisha chezewa ndani ili ikubali gemu za kunakili, hesabu yenu ni nyingine. Sasisho laweza kuizima, na Mei 2025 Nintendo iliandika katika masharti yake ya Marekani kwamba yaweza kukifanya chombo cha namna hiyo kisitumike tena. Juu ya hayo kuna haki ya mwenye kazi, ambayo kila mzazi ajiulize mwenyewe mbele ya watoto wake.

Binti yetu sasa huichaji mashine kila mwanzo wa mwezi, na hung'oa magugu. Lile daftari la hesabu alitaka kuja nalo Uingereza, binamu zake wakakataa, wakasema nakala moja lazima ibaki Misfah. Basi wakakaa wakainakili tena, miraba 1,024, ili kila upande uwe na yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.